Betri ya boti imekufa: ununue ipi kwa hela uliyonayo?

Swali hili linarudi kwenye simu ya studio karibu kila giza linapoingia, yaani zile wiki ambazo mwezi umeondoka na boti za dagaa zimerudi ziwani. Msikilizaji anapiga kutoka mwaloni. Anasema betri aliyonunua msimu uliopita inawasha taa mpaka saa nne usiku, kisha zinaanza kufifia. Dukani ametajiwa bei tano tofauti za betri ambazo kwa macho yake zote ni boksi jeusi lenye vichwa viwili. Achukue ipi?

Kwa redio tunapata dakika nne za kujibu, na dakika nne hazitoshi. Nimeona niandike hapa kwa kirefu ili mtu aweze kusoma akiwa amesimama dukani na simu mkononi.

Tuelewane kwanza tunazungumzia betri gani. Sio ile ya kuwashia injini. Wazungu wenye boti za matembezi huiita betri ya starehe, kwa sababu inalisha taa, friji na muziki mtu akiwa ametia nanga. Huku Ziwa Victoria starehe hiyo hatuijui, ila betri ni ya ukoo huohuo: inakaa usiku kucha ikitoa umeme kidogokidogo kwa taa za kuvutia dagaa, pampu ya kutoa maji, kifaa cha kutafutia samaki na simu za wavuvi. Zamani kazi ya taa ilifanywa na karabai na mafuta ya taa. Taa za LED zilipofika, mvuvi akaachana na utambi na pampu, akajikuta amekuwa mmiliki wa mtambo mdogo wa umeme bila mtu kumfundisha namna ya kuutunza.

Usiku mmoja nilitoka na wavuvi kurekodi sauti za kipindi. Ilipofika kama saa nane taa zetu mbili zilizimika, na dakika chache baadaye ya tatu. Dagaa walitawanyika, hilo la kwanza. La pili, ambalo sikulitarajia, ni kwamba boti nyingine iliyokuwa ikihama eneo ilitupita karibu sana kwa sababu haikutuona. Mzee aliyekuwa akishika usukani alivua koti, akamulika kwa tochi ya simu, akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Betri ilikuwa na miezi mitano tu. Aliuziwa kama "betri ya sola" katika duka ambalo silitaji, na kumbe ilikuwa betri ya gari iliyobandikwa karatasi mpya.

Kabla ya kununua, hakikisha ni betri iliyokufa

Mafundi wengi watakuuzia betri kabla hawajaipima iliyopo. Wewe anza na mita ya kupimia volti. Zile ndogo za kidijitali zinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya umeme kwa bei ya kawaida, na chama cha wavuvi cha mwalo mzima kinaweza kununua moja ya kutumia kwa zamu.

Chaji betri ijae, iache ipumzike bila kuchaji wala kutumika saa kadhaa, ikiwezekana tangu jioni mpaka asubuhi, kisha pima. Betri ya risasi na asidi ya volti 12 iliyojaa na yenye afya itasoma kama 12.6 mpaka 12.8. Ikisoma 12.4 iko robo tatu hivi. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Kwenye 12.0 imebaki kama robo, na 11.8 ni sawa na tupu. Kama uliichaji siku nzima na bado asubuhi inasoma 12.1, ama haikujaa kweli, ama imechoka. Ikisoma 10.5 au karibu na hapo hata baada ya kuchaji, kuna uwezekano mkubwa chumba kimoja kati ya vile sita kimekufa, na betri hiyo hairudi.

Lakini ikisoma vizuri na taa bado zinafifia, angalia nyaya. Waya mwembamba na mrefu hula volti njiani, na taa ya mwisho inapata mabaki. Vichwa vya betri vyenye ukungu wa kijani au mweupe navyo huzuia umeme. Visugue kwa maji ya moto yenye baking soda, vikauke, vikaze, vipake grisi. Nimewahi kumsikia fundi mmoja wa Kirumba akimwambia kijana aliyebeba betri begani: "Kaka, hii betri haina shida, shida ni hicho kipande cha waya ulichofungia kwa nailoni." Kijana alirudi na betri yake na hela zake.

Angalia pia taa zenyewe. Kama bado kuna taa moja ya kizamani ya nyuzi, ile inayochoma mkono, kuibadilisha kwa LED kunaweza kupunguza kiu ya mfumo mzima kuliko kuongeza betri ya pili.

Hesabu ya usiku mmoja

Uwezo wa betri hupimwa kwa amperi-saa, kifupi chake Ah. Ukiwa na Ah 100, kwa nadharia unaweza kutoa amperi 5 kwa saa 20. Ili ujue unahitaji ngapi, orodhesha unachowasha. Chukua wati za kila kifaa, zidisha kwa saa, gawanya kwa 12.

Tuseme una taa nne za wati 10 zinazowaka saa 9. Hizo ni wati 40 mara 9, sawa na 360, ukigawanya kwa 12 unapata Ah 30. Pampu ya amperi 3 ikifanya kazi kwa jumla ya saa moja usiku mzima, ni Ah 3. Kifaa cha kutafutia samaki cha wati 5 kwa saa 9 ni karibu Ah 4. Simu tatu nazo ni kama Ah 4. Jumla Ah 41.

Hapa ndipo watu wanakosea. Wanakwenda kununua betri ya Ah 50 wakiamini imebaki na akiba. Betri ya risasi haipendi kushushwa chini ya nusu. Inaweza kwenda huko, lakini kila safari ya huko chini inakata umri wake. Kwa hiyo Ah 41 zako zinahitaji betri ya kama Ah 82, na kwa kuwa kila betri hupoteza uwezo inavyozeeka, ongeza kidogo: chukua Ah 100. Kwa betri ya lithiamu, ambayo inavumilia kutumika asilimia 80, Ah 60 zingetosha kwa kazi hiyohiyo.

Na ukishapata betri, unahitaji cha kuijaza. Paneli ya wati 100 katika ukanda wetu, tukikadiria jua kamili la saa 5 kwa siku na kuondoa kinachopotea kwa joto, vumbi na kontrola, inarudisha kama Ah 29. Haitoshi kwa mfano wetu. Utahitaji wati 200 hivi ili betri ijae siku ile ile, maana betri ya risasi hailipi yote unayoiingizia. Ili itoe 41 inataka uipe karibu 48. Mvuvi mwenye paneli ndogo na betri kubwa anaona kama amefanya akili, kumbe betri yake haijai hata siku moja. Fundi mmoja mtu mzima aliniambia, "Mwanangu, betri nyingi za hapa hazifi kwa kazi, zinakufa kwa njaa." Nimekwishaona betri za kutosha zilizokatwa katikati kuamini kwamba yuko sahihi.

Betri ya gari, betri ya sola, betri kavu

Ndani ya betri ya kuwashia gari kuna sahani nyingi nyembamba za risasi. Sahani nyembamba zinatoa umeme mwingi kwa ghafla, sekunde chache, injini iwake, kisha dinamo inarudisha. Ukiitumia kuwasha taa usiku kucha, sahani zile zinalika na unga wake unaanguka chini. Baada ya mizunguko michache ya kushushwa sana, uwezo umepungua kwa sehemu kubwa. Betri iliyotengenezwa kwa kazi ya kutoa polepole, ambayo mafundi wetu huita "dipu saiko", ina sahani chache na nene. Haina nguvu ya ghafla, lakini inavumilia kushuka na kupanda mara mamia.

Neno "sola" kwenye boksi halithibitishi lolote. Kitu kimoja cha kuangalia ni kama boksi linatangaza amperi za kuwashia injini, zile zinazoandikwa CCA. Betri inayojisifia CCA kubwa ni ya injini, au ni ya kuchanganya kazi mbili, hata kama imebandikwa picha ya jua.

Betri ya maji, ile yenye vifuniko sita, ndiyo rahisi kuliko zote, na ikiwa ya sahani nene ni betri nzuri kabisa. Inakueleza hali yake: unafungua, unaona maji yamepungua, unaongeza. Inavumilia chaji mbovu kuliko zile zilizofungwa. Tatizo lake ni boti. Mtumbwi unayumba, asidi inamwagika, inakula mbao, misumari, nyavu na ngozi ya miguu. Ikichaji inatoa gesi ya haidrojeni, ambayo ikifikia asilimia 4 ya hewa ya mahali palipofungwa inaweza kulipuka kwa cheche ya sigara. Kwa hiyo naipendekeza tu kwa boti kubwa yenye sanduku la betri lililofungwa imara, lenye tundu la hewa juu, na mtu ambaye kweli atakumbuka kuongeza maji kila baada ya wiki chache. Maji hayo yawe yale yaliyochujwa ya betri, yasiyo na asidi. Sio ya bomba na sio ya ziwa. Asidi haipungui kwa kuvukia, kinachopungua ni maji, kwa hiyo kuongeza asidi ni kuiunguza betri kwa mikono yako.

Betri kavu, iliyofungwa, iko ya aina mbili. Kuna ambayo asidi imenyonywa na vitambaa vya nyuzi za kioo, inaandikwa AGM, na kuna ambayo asidi imegandishwa kama uji mzito, inaitwa jeli. Zote mbili hazimwagiki na hazihitaji maji. Kwa mtumbwi wa kawaida wa dagaa, hii ndiyo ningenunua mimi. Ila inadai kontrola iliyowekwa sawasawa. Jeli hasa haitaki kusukumwa zaidi ya volti 14.1 au 14.2 hivi, ukiichaji kama betri ya maji, kwa 14.8 au zaidi, inatoa gesi isiyoweza kurudi, inakauka, na huwezi kuifungua kuiongezea kitu. Kontrola nyingi zina kitufe cha kuchagua aina ya betri. Wengi hawajawahi kukibonyeza.

Kuhusu lithiamu, ninayoizungumzia ni ya chuma na fosfeti, inayoandikwa LiFePO4. Ni nyepesi: ya Ah 100 ina kama kilo 10 mpaka 13, wakati ya risasi ina kilo 25 mpaka 30. Inakubali chaji haraka, jambo ambalo kwa mvuvi anayerudi asubuhi na kuondoka jioni lina thamani kubwa. Ndani yake kuna kibodi cha ulinzi kinachoizuia isichajiwe kupita kiasi au kushushwa mno. Ila hakikisha kontrola yako ina mpangilio wa lithiamu. Na sizungumzii vile vifurushi vya kuunganishwa mitaani kutoka betri za kompyuta mpakato zilizokwisha kutumika. Hizo zikipata maji au shoti zinaweza kuwaka moto, na kwenye mtumbwi wa mbao wenye petroli katikati ya ziwa hakuna mahali pa kukimbilia.

Namba mbili zinazofanana zisizo sawa

Betri mbili zimeandikwa Ah 100, moja ni nafuu zaidi. Tafuta herufi C pembeni. C20 maana yake uwezo ulipimwa kwa kuitoa saa 20. C10, saa 10. C100, saa 100. Betri ya risasi ikitolewa polepole sana hutoa zaidi, kwa hiyo Ah 100 za C100 zinaweza kuwa sawa na Ah 80 hivi ukizitumia kwa usiku mmoja. Muuzaji hajadanganya, amechagua tu kipimo kinachompendeza. Kwa kazi ya boti linganisha C10 kwa C10, au C20 kwa C20.

Zile herufi N70, N100, N150 na N200 ni majina ya ukubwa yaliyozoeleka katika betri za magari. Namba inakaribiana na Ah, lakini sio ahadi. Soma Ah zilizoandikwa.

Nyingine ni uzito. Risasi ni nzito na haina njia ya mkato. Betri ya risasi inayodai Ah 100 na ina kilo 17, kuna kitu ambacho hakimo ndani. Ukienda kununua nenda na mizani ya kuning'iniza ya kupimia samaki. Muuzaji atacheka, mwache acheke.

Wiki ya mbalamwezi

Sehemu hii naiomba isomwe mara mbili, kwa sababu ndiyo inayoua betri nyingi za ziwa letu na haina uhusiano na bei.

Mwezi ukikua, dagaa hawaji kwenye taa, boti zinapandishwa mwaloni. Mvuvi anakwenda nyumbani siku kumi, pengine zaidi. Betri anaiacha ilivyorudi usiku wa mwisho: nusu, au chini ya nusu. Betri ya risasi ikikaa bila chaji, salfeti inayojengeka kwenye sahani inaanza kuwa ngumu kama chumvi iliyoganda mtungini. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyokataa kuyeyuka tena. Giza linaporudi anaichaji, inaonekana imejaa haraka kuliko kawaida, anafurahi. Imejaa haraka kwa sababu chombo kimekuwa kidogo.

Fanya hivi: siku ya mwisho ya kuvua, ichaji mpaka ijae kweli, kisha ondoa waya za vitu vyote. Kama paneli ipo, iache imeunganishwa kupitia kontrola muda wote wa mbalamwezi, betri ikiwa kivulini. Kivuli ni muhimu. Kanuni inayotumika duniani kote ni kwamba kila nyuzi joto 10 zaidi ya 25 hupunguza umri wa betri ya risasi kwa karibu nusu, na sanduku jeusi lililoachwa juani kwenye mchanga linapita hapo saa tatu asubuhi.

Wanaochajisha kwenye vibanda vya visiwani wana tatizo jingine la muda. Betri ya risasi hupokea haraka mpaka asilimia 80 hivi, halafu asilimia 20 za mwisho zinachukua saa nyingi. Ukiipeleka saa nne asubuhi na kuichukua saa tisa alasiri, umelipia kujaza na umeondoka na pungufu. Ukifanya hivyo kila siku, ile salfeti inakua pole pole hata kama unavua kila usiku. Angalau mara moja kwa wiki ilaze kibandani mpaka kesho yake. Na usikubali ichajiwe kwa amperi nyingi ili iishe mapema. Kwa betri ya maji ya Ah 100, amperi 10 mpaka 20 zinatosha.

Wengine huchukua umeme kwenye injini. Baadhi ya injini ndogo za nje zina waya wa taa unaotoa umeme usiogeuzwa kuwa wa betri. Ukiuunganisha moja kwa moja hauchaji, unaharibu. Lazima pawe na kifaa cha kugeuza na kudhibiti.

Nafuu ni ipi hasa?

Bei zinabadilika kila meli ikiingia Dar es Salaam, kwa hiyo hizi nilizoweka hapa chini ni za mfano wa hesabu tu. Usizitumie kubishana dukani. Kinachofaa ni njia yenyewe: gawanya bei kwa idadi ya usiku itakaokutumikia.

Tuseme betri ya gari ya shilingi 280,000 inadumu usiku 100 katika kazi ya taa. Kila usiku umelipa 2,800. Betri kavu ya dipu saiko kwa 450,000 ikidumu usiku 500, ni 900 kwa usiku. Lithiamu ya Ah 60 kwa 900,000 ikidumu usiku 2,000, ni 450. Ukivua usiku 20 kwa mwezi, ya kwanza imekwisha ndani ya miezi mitano, ya pili imevuka miaka miwili, ya tatu ina miaka minane.

Kwenye karatasi lithiamu imeshinda. Mwaloni mambo ni mengine. Betri huibwa. Boti hupinduka. Lithiamu ikizama, imezama na miaka yake yote minane, na yule aliyekopa kwenye kikoba bado anadaiwa. Kwa hiyo mtazamo wangu ni huu: mwenye boti inayolala na mlinzi, na kontrola sahihi, anunue lithiamu akiweza bila mkopo mzito. Mvuvi wa kawaida achukue betri kavu ya sahani nene. Mwenye hela ya betri ya gari tu, na giza limefika, anunue kubwa kuliko anavyohitaji ili asiishushe sana. N150 inayoshushwa robo itaishi muda mrefu zaidi kuliko N70 inayokamuliwa kila usiku. Hiyo si suluhu nzuri, ila ni afadhali.

Ukiwa dukani

Usinunue kwa kuangalia boksi la nje. Omba itolewe, pima volti hapo hapo. Betri mpya ya risasi iliyokaa vizuri itasoma 12.6 au zaidi. Chini ya 12.4 imekaa stoo muda mrefu bila kuchajiwa. Iache, hata ukipunguziwa bei. Tafuta tarehe ya kutengenezwa iliyogongwa kwenye plastiki au kwenye kichwa cha betri, maana karatasi hubandikwa upya. Angalia vichwa: kama vina mikwaruzo ya klampu, imeshawahi kufungwa mahali. Angalia kama ina alama ya TBS, na udai risiti yenye jina la duka, aina ya betri na muda wa dhamana. Uliza swali moja tu kuhusu dhamana: ikifa, naileta hapa au napelekwa kwingine?

Betri zilizotumika, zilizotolewa kwenye minara ya simu au mitambo ya umeme ya dharura ya maofisini, zipo sokoni na baadhi ni nzuri. Zilitengenezwa kwa kukaa zimejaa zikisubiri umeme ukatike, kwa hiyo afya yake inategemea zilikaa wapi na muda gani. Dai karatasi ya mauzo, maana betri za minara huibwa na kupokea mali ya wizi ni kosa hata kama hukujua mwizi ni nani. Kisha dai kipimo. Chukua taa ya mbele ya gari ya wati 55, inayokula amperi 4 na nusu hivi. Betri ya Ah 100 iliyojaa na yenye afya itaiwasha saa 10, na ukiizima na kuipumzisha saa moja isome karibu 12.1 au 12.2. Ikianguka chini ya 12 baada ya saa nne, unauziwa Ah 40 kwa jina la 100. Muuzaji asiyekubali kipimo hicho amekwishakujibu.

Kuifunga

Usichanganye betri kuukuu na mpya sambamba. Kuukuu itamnyonya mwenzake, na utakuwa umenunua betri moja ili kuua mbili. Kama unafunga mbili, ziwe za aina moja, ukubwa mmoja, zilizonunuliwa pamoja, na waya wa chanya uchukuliwe kwenye betri ya kwanza, wa hasi kwenye ya pili, ili zifanye kazi sawa.

Fyuzi ikae kwenye waya wa chanya, umbali usiozidi shubiri moja kutoka kwenye betri. Wengi wanaiweka karibu na taa, ambako inalinda taa na kuacha waya mzima wazi kushika moto. Betri iwe ndani ya sanduku, sanduku lifungwe kwa mkanda, juu ya maji ya chini ya boti na mbali na tangi la mafuta. Ukifungua nyaya anza na hasi; ukifunga malizia na hasi. Asidi ikikurukia jichoni, osha kwa maji mengi safi kwa dakika zisizopungua ishirini, halafu nenda kituo cha afya hata kama maumivu yamepungua.

Ile kuukuu

Wapo wanaopasua betri iliyokufa, wanamwaga asidi mchangani, wanayeyusha risasi kwenye sufuria kutengeneza uzito wa nyavu. Mara nyingi kazi hiyo inafanyika uani, watoto wakiwa karibu. Risasi huingia mwilini kwa moshi na vumbi, inaharibu ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Majirani zetu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi kando ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Mwanaharakati Phyllis Omido, aliyefanya kazi hapo na mtoto wake akakutwa na risasi kwenye damu, alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ya Kenya iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za huko bilioni 1.3, uamuzi uliofuatiwa na miaka ya rufaa.

Betri iliyokufa ina thamani ikiwa nzima. Wauzaji wengi huipokea na kukupunguzia bei ya mpya, kwa hiyo ibebe unapokwenda dukani, ikiwa imesimama wima na vifuniko vimekazwa, na uulize punguzo kabla hujataja bei unayoweza kulipa. Ukifika nyumbani na mpya, andika tarehe ya kununua juu yake kwa rangi isiyofutika. Tukikuuliza studioni ina muda gani, utatusomea tu.